Kompyuta Iliyorudi Mara Tatu

Mtu aliyenifundisha kutengeneza kompyuta nilimfukuzisha kazi, na nilifanya hivyo kwa kukaa kimya tu. Sikumsingizia neno wala sikuiba kitu chake. Nilifunga mdomo mara moja, nje ya nyumba ya askari hapa Mbarara, ikatosha. Watu wakisimulia ubaya wao huanza na mateso waliyopitia, ili msikilizaji awe ameshalainika ubaya ukifika. Mimi sitaki hayo. Niliteseka kiasi changu, kama kila mtu aliyetoka Kivu ya Kusini akaishia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na mateso hayakunifundisha upole hata kidogo.

Nilimwita Mukubwa, kama tunavyomwita kaka, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Yeye aliniita Mudogo. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na ushei, mwembamba, shemasi wa kanisa letu, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kuombea wagonjwa. Huko kwetu alikuwa karani wa misheni, akajifunza kompyuta kwa Kifaransa. Nakivale alifika na mke, watoto na begi jeusi la sidii, zile sahani za programu za kompyuta. Wenzake walikimbia na sufuria na magodoro. Yeye alikimbia na sidii, na mkewe hakuchoka kumkumbusha.

Kambini aliokota kompyuta moja iliyotupwa na ofisi fulani, akaanza kufundisha chini ya turubai. Tulianza wanafunzi tisa. Ilipojulikana kwamba kompyuta yenyewe haiwaki, wanane waliondoka siku hiyohiyo. Nilibaki mimi, binti wa miaka kumi na tisa, na si kwa bidii. Nyumbani kulikuwa na shamba la maharage na jembe lililonisubiri. Kwa miezi saba nilifungua na kufunga mashine mfu, nikataja kila kiungo chake kwa jina, nikakirudisha mahali pake.

"Siku yenye utapata ya kuwaka, Mudogo, utakuwa unaijua yote," aliniambia. "Bale benye kujifunza na yenye kuwaka, banajua kubonyeza tu."

Alisema kweli. Kila nilichokula mjini tangu siku hizo kimetokana na ile mashine mfu.

Alipopata kazi Mbarara, kwenye duka la kutengeneza kompyuta chini ya kilima cha Kamukuzi, haukupita mwaka akarudi kunichukua. Alimwambia bosi kwamba mimi ni mdogo wake wa damu. Shemasi mzima akasema uongo kwa ajili yangu, halafu Jumapili akaukiri kanisani mbele za watu wote. Nilimcheka wiki nzima.

Duka lilikuwa na meza tatu na utaratibu mmoja usiovunjwa. Fundi aliyefungua kompyuta alichora alama yake kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mfuniko, mahali ambapo mteja haoni. Mukubwa alichora msalaba mdogo. Mimi nilichora duara lenye nukta katikati. Kompyuta ikirudi na ugonjwa uleule, bosi hakuuliza maswali. Alifungua mfuniko, akatazama alama, akamgeukia mwenye alama hiyo. Fundi aliyetangulia kutia mkono ndiye aliyeendelea nayo hadi ipone au imwaibishe. Kuingilia kazi ya mwenzako ilikuwa utovu wa adabu, na kuomba mwenzako akuingilie ilikuwa kukiri kwamba hujui.

Bosi mwenyewe alikuwa Mnyankole nadhifu, mwenyeji wa mji, aliyetembea na kitana mfukoni. Hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa na muda wa kuwa mwema. Asubuhi moja ya mwaka 2012 alituita, akajichana nywele kwanza, kisha akasema:

"Ndugu ya bibi yangu amemaliza kusoma Kampala. Huyo nataka meza. Mkimbizi moja anabaki, moja anarudi Nakivale. Mimi hapana chagua, mashini itachagua. Ile mtu mashini yake inarudi-rudi, huyo anaenda. Mwisho wa mwezi."

Basi kila mmoja wetu alirudi mezani kwake. Mukubwa alitabasamu kidogo, akasema Mungu iko. Mimi nilianza palepale kuhesabu misalaba na maduara.

Niseme kila mmoja wetu angepoteza nini, ili nisionekane bora kuliko nilivyo. Mimi nilikuwa na jembe la kurudi kulishika, na foleni ya chakula. Yeye alikuwa na jicho la mtoto. Binti yake wa tatu, mwenye miaka kumi, alikuwa na presha ya macho. Alikuwa ametibiwa katika hospitali ya misheni pale Ruharo, na kila wiki mbili alitakiwa kupimwa na kubadilishiwa dawa ya matone. Kutoka Nakivale safari hiyo ilimla mtu siku mbili, pamoja na barua ya ruhusa na gari la kubahatisha. Ndiyo maana Mukubwa alimleta mtoto aishi naye mjini kwenye chumba chake kimoja, na kila wiki ya pili asubuhi alimpeleka Ruharo kwa miguu kabla ya kufungua duka. Daktari alikuwa amemweleza wazi: presha ikipanda bila kuangaliwa, jicho linazima, na likizima haliwashwi tena. Mukubwa aliniambia maneno hayo akiwa anafuta vumbi kwenye kompyuta. Nilimjibu pole. Niliyasikia vizuri, na nilikuwa nikiyajua siku zote zilizofuata.

Siku ya tatu baada ya tangazo la bosi, gari la jeshi lilisimama mlangoni. Akashuka sajini mmoja mwenye goti bovu, akitembelea fimbo, na nyuma yake askari aliyebeba kompyuta ambayo sikuwahi kuona mfano wake. Ilikuwa sanduku kubwa jeusi, ubavu wake mmoja wa plastiki angavu, ndani taa za buluu na feni nne. Ilikuwa kompyuta ya kuchezea michezo. Sajini aliinunua kwa mwenzake aliyerudi kutoka kulinda amani nje. Sajini mwenyewe aliumia goti, akapewa likizo ya ugonjwa isiyo na mwisho, na tangu hapo maisha yake yote yalikuwa mchezo mmoja wa mashindano ya magari. Mtu asiyeweza kukunja goti alikuwa akikimbia kwa gari la mashindano kila siku kuanzia mchana. Halafu kompyuta ikamnyima.

"Mimi nawasha, inawaka," alisema. "Mimi naingia kwa game, inaleta mistari ya kijani. Halafu giza. Kwani mimi nimenunua giza?"

Mukubwa ndiye aliyekuwa karibu. Akaipokea, akaiweka mezani, akaifungua. Akachora msalaba.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kawaida. Ndani ya kompyuta ya michezo kuna kadi ya picha, ambayo kazi yake ni kuchora kila kinachoonekana kwenye skrini. Kadi hiyo haielewani na kompyuta bila programu ndogo ya kuiongoza. Mbarara tuliiita draiva. Mukubwa kwa Kifaransa chake aliiita piloti. Ukiweka draiva isiyolingana na kadi, kompyuta itafungua barua na picha za harusi bila shida, lakini ukiidai kazi nzito ya mchezo itachanganyikiwa, itatapika rangi, itazima skrini. Kadi ya sajini ilikuwa ya zamani kuliko mwenyewe alivyodhani, na draiva iliyokuwamo ilikuwa mpya mno kwake.

Mukubwa aliiwasha kompyuta katika ile hali ya dharura ambamo picha huwa kubwa na mbaya, akaifuta draiva, akasafisha mabaki yake yote, kisha akachomoa kwenye begi jeusi sidii moja yenye mikwaruzo. Ndani yake mlikuwa na draiva ya miaka ileile ya kadi. Akaipachika. Tukaendesha magari ya sajini pale dukani kwa saa mbili, yeye, mimi na bosi kwa zamu, na haukuonekana hata mstari mmoja.

Siku tatu baadaye kompyuta ilirudi. Mistari ya kijani, halafu giza.

Safari hii Mukubwa hakuamini ni draiva, kwa sababu draiva alikuwa ameiweka kwa mikono yake. Alidhani ni joto. Akang'oa kadi, akapuliza vumbi, akafuta gundi iliyokauka juu yake na kupaka mpya, akabadilisha waya wa umeme unaoilisha. Ilikuwa kazi safi, kama anayemwogesha mtoto. Mwishoni, kwa vile alikuwa mtu wa kukamilisha, akafuta draiva na kuirudisha tena kutoka kwenye sidii. Tukacheza saa tatu. Hakuna mstari. Akachora msalaba wa pili.

Ikarudi baada ya siku nne. Sajini alikuja mwenyewe, akaipiga meza kwa fimbo hadi bisibisi zikaruka.

"Wewe Mkongo, wewe nacheza na mimi? Hapa kwa duka inafanya, kwa nyumba yangu inakufa. Wewe umeweka nini ndani?"

"Afande, pole sana," bosi alisema, akitoa kitana na kukirudisha. Kisha akamgeukia Mukubwa. "Imekuja mara tatu, basi. Ikirudi tena wewe unaenda."

Nilikuwa mezani kwangu nikiunganisha kibodi. Sijui kama nilitabasamu. Najua kwamba moyo ulinidunda kwa furaha, na sikujaribu kuukemea.

Mukubwa alikonda wiki ile. Alikuwa ameona jambo la kweli, kwamba dukani inapona na nyumbani inaugua, ila alilisoma vibaya. Alidhani kuna kitu katika hewa ya kule kambi ya jeshi, vumbi au umeme wa kuruka-ruka. Kwamba mtandao unaweza kuingia katika jambo hilo halikumjia. Katika maisha yake yote aliweka programu kutoka kwenye sidii, na dukani mtandao ulikuwa kwenye meza ya bosi peke yake. Siku ya kwanza bosi alimwuliza sajini kama anatumia mtandao, naye akasema hapana, na alisema alichokijua. Mukubwa akairudishia draiva ya sidii mara ya tatu, akachora msalaba wa tatu, akaomba ruhusa aipeleke mwenyewe, aione inapoishi.

Tulikwenda wote wawili. Yeye alibeba sanduku begani, mimi nikabeba begi la sidii. Langoni tulionyesha vitambulisho vyetu vya ukimbizi, tukapekuliwa, tukaonyeshwa mistari ya nyumba za mabati walimoishi askari na familia zao, sare zimeanikwa kila kamba. Sajini alikuwa amekwenda kukandwa goti. Mkewe alitoka mlangoni na mikono imejaa unga, akatutazama, akaamua papo hapo.

"Wewe dada, ingia. Ile mwanaume anabaki inje. Hapa kwetu mzee kama hayuko, mwanaume mgeni haingii nyumba."

Ndivyo desturi ilivyokuwa katika mistari ile, na hakuna fundi wala mchungaji aliyeivunja. Mukubwa akaweka sanduku kizingitini, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama barazani na kofia mkononi.

"Mudogo," aliniambia taratibu, "wewe njo utakuwa macho yangu. Uangalie umeme, uangalie vumbi, uangalie kila kintu bako nafanya. Mimi siwezi kuona."

Nikaingia. Niliunganisha kompyuta, nikaiwasha, nikafungua magari, yakakimbia vizuri. Yule mama alinishukuru, kisha akafungua kabati, akatoa chini ya vitenge kidude kidogo cheupe, akakichomeka ubavuni mwa kompyuta. Taa ya buluu ikaanza kupepesa. Ilikuwa modemu ya kuingilia mtandao.

"Mzee akienda hospitali mimi naongea na dada yangu, yuko Dubai," alisema. "Usimwambie. Atasema napoteza bando."

Tulisubiri ukurasa wa dada yake ufunguke. Hapo ndipo nilipoona kimaandishi kidogo kwenye pembe ya chini ya skrini, kile ambacho watu hukifunga bila kukisoma. Kilisema kwamba kompyuta imepata programu mpya na inazipachika yenyewe. Nilikibonyeza. Ya kwanza kwenye orodha ilikuwa draiva ya kadi ya picha.

Nilielewa yote kwa mpigo. Mukubwa aliiponya kila mara. Na kila mara yule mama alipochomeka modemu, kompyuta ilijiletea draiva mpya isiyolingana na kadi, kimyakimya, ikaitupa ile nzuri. Dawa yake ilikuwa kuzima ule ukarimu wa kompyuta, kuiambia isijipachikie kitu. Ni mibonyezo minne. Ningeweza kuifanya nikiwa nimesimama. Ningeweza pia kutoka nje nikamwambia Mukubwa kwa sauti ya chini, bila kumtaja yule mama wala modemu yake, nikasema tu, uzime programu za kujiweka.

Nilikifunga kile kimaandishi, nikaaga, nikatoka.

"Umeona nini?" Mukubwa aliuliza kabla sijavaa viatu.

"Hakuna kitu," nikasema. "Iko sawa."

"Umeme?"

"Sawa."

"Vumbi?"

"Hakuna, Mukubwa. Nyumba yao safi kuliko ya kwetu."

Alipumua. Akamshukuru Mungu pale barazani, kwa sauti, na akaniwekea mkono kichwani kama anavyofanya kwa wanaobatizwa. Kwa miaka kadhaa nilijidanganya kwamba nilikaa kimya kwa sababu ya siri ya yule mama. Uongo mtupu. Yule mama nilimsahau kabla ya kufika langoni. Nilikuwa nikifikiria meza yangu, na nilitembea nyuma ya Mukubwa nikitazama shingo yake iliyolowa jasho la sanduku lile, nikimchukia kwa jinsi alivyoniamini.

Siku mbili zilipita. Alasiri ya siku ya tatu askari alikuja dukani, akasema giza limerudi na sajini anawataka mafundi wake, sasa hivi. Bosi alituangalia wote wawili. "Nendeni," akasema, akininyooshea kidole, "na ile ya kutengeneza, atengeneze yule mwingine." Kwa maneno hayo utaratibu wa alama ulivunjwa na aliyeuweka. Mukubwa alichukua begi lake la sidii.

Sajini alikuwa amekaa nje kwenye kiti, mguu mbovu juu ya ndoo. Majirani walikuwa wameshajua kuna kitu cha kutazama. Wanawake waliacha nguo ndani ya maji, watoto walipanda juu ya kuni.

"Huyu ndiye fundi," sajini aliwaambia, akimwonyesha kwa fimbo. "Fundi wa kuua mashini. Wewe, weka hiyo begi chini. Shika masikio. Ruka."

Mukubwa hakuelewa, au alijifanya hakuelewa.

"Ruka kama chura! Mimi hapana weza kuruka, wewe utaruka ya mimi. Mpaka kwa ile bomba, na kurudi."

Akachuchumaa. Shemasi, baba wa watoto wanne, akashika masikio yake na kuruka kichurachura kwenye changarawe kuelekea bomba la maji. Lilikuwa mbali. Katikati ya njia suruali ilimshuka, akaachia sikio moja kuivuta, na sajini akampigia kelele ashike sikio. Watu walicheka hadi wakashikana. Mtoto mmoja alianza kuruka nyuma yake, na kicheko kikaongezeka. Nami nilicheka. Sikulazimishwa na mtu. Alionekana kichekesho kweli, zile nywele zenye mvi na ile miguu myembamba, na nilicheka kama wengine, na aliporudi akaniona na meno yangu nje.

Alikaa kwenye changarawe akihema, magoti yanavuja damu.

"Wewe sasa," sajini akaniambia. "Ingia."

Nikainama, nikalifungua begi la Mukubwa, nikachukua ile sidii yenye mikwaruzo. Niliiwasha kompyuta katika hali ya dharura, nikafuta draiva, nikasafisha mabaki, nikapachika ya kwenye sidii, kila hatua kama alivyonifundisha, kwa mpangilio uleule. Kisha nikaongeza mibonyezo yangu minne. Nusu saa haikuisha. Nikafungua mfuniko, na chini ya misalaba yake mitatu nikachora duara langu na nukta katikati. Sajini akaingia, akakaa, akashika usukani wake wa plastiki. Nilimwacha akikimbia.

Kompyuta ile haikurudi tena. Mwisho wa mwezi bosi hakuhitaji hata kutoa kitana.

Asubuhi ya kuondoka Mukubwa alipitia dukani na mtoto wake, mzigo wao umefungwa kwenye shuka. Mtoto alikuwa ameshika chupa ya matone mkononi, hakutaka iwekwe kwenye mzigo. Nilijishughulisha na kompyuta isiyo na tatizo lolote. Mukubwa aliweka begi jeusi juu ya meza yangu.

"Kule sina masini," alisema. "Wewe njo utabaki na kazi. Usibebe sidii na mikono ya mafuta."

"Mtoto atakuja vipi Ruharo?" niliuliza, kwa sababu upole wake ulinikera na nilitaka mmoja wetu aumie waziwazi.

"Tutakuja tu," alijibu. "Mungu iko."

Walikuja mara mbili. Nilisikia kwa watu. Mara ya tatu barua ya ruhusa ilichelewa, mara ya nne gari liliharibikia njiani, Kabingo, na wakarudi, na baada ya hapo mvua, na kilimo, na kuumwa kwa mama wa mtoto. Hakuna siku moja ambayo mtu anaweza kusema jicho lilizima siku hii. Nami sikuuliza. Nilikuwa na meza, na ndugu wa mke wa bosi alikuwa mvivu wa kupindukia, hivyo nilikuwa na kazi ya watu wawili.

Mwaka 2015 nilirudi Nakivale kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Sikurudi kwa mapenzi. Wakimbizi walikuwa wakihesabiwa upya, na asiyefika kuweka alama za vidole vyake angefutwa. Baada ya vidole, mama yangu aliniburuta kanisani, na kanisani nikamkuta. Alikuwa na mvi kichwa kizima. Alinishika mikono yote miwili, akaniita Mudogo mbele za watu, akawaambia huyu ni fundi mkubwa wa Mbarara, mimi njo nilimuanzisha. Kisha akanivuta kwenye chumba cha nyuma aonyeshe darasa lake. Alikuwa na kompyuta mbili na sola. Zote mbili ziliwaka.

Binti yake alikuwa mezani. Alikuwa ameshakuwa mrefu. Jicho la kulia lilinitazama. La kushoto lilikuwa jeupe kama maziwa yaliyochujwa, limeangalia mahali pake lenyewe. Alinisalimia kwa heshima, shikamoo mama mudogo. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa darasa. Mikono ya baba yake ilikuwa imeanza kutetemeka, kwa hiyo alimwandikia kila kitu kwenye daftari kubwa la jalada gumu: ugonjwa wa kompyuta juu, dalili zake, walichojaribu, na mwisho dawa. Wanafunzi walinakili kutoka humo.

Mukubwa alifunua kurasa hadi mwanzoni kabisa. Juu paliandikwa "Masini ya sajini." Chini yake majaribio yake matatu yote, kwa mpangilio, draiva, vumbi, gundi, waya, bila kujipendelea hata mahali pamoja. Penye dawa palikuwa na nafasi tupu.

"Hii fasi nimeiacha wazi," alisema. "Minajiuliza kila siku. Mudogo, wewe njo ulimalizaka ile masini. Mimi nilikosa wapi?"

Ningemwambia mtandao, angeniuliza niliujua lini. Angerudi kwa mawazo pale barazani na kofia mkononi, angenisikia tena nikisema hakuna kitu. Yeye si mpumbavu. Na mtoto alikuwa amekaa katikati yetu, ameshika kalamu, akisubiri.

"Umeme," nikasema. "Ulikuwa unaruka usiku tu, siku ile nisingeuona."

"Umeme!" Mukubwa akapiga paja. "Si nilikwambiaka? Nilisema umeme!" Macho yake yakajaa machozi, akacheka huku anayafuta kwa kiganja. "Miaka tatu, Mudogo. Miaka tatu nilikuwa nafikiri ni mikono yangu."

Binti aliinamisha kichwa upande, ili jicho la kulia lifike kwenye karatasi.

"Umeme ya kule kwa basoda tu," aliuliza, yaani kwa askari, "ao ya fasi yote?"

"Ya fasi yote," nikasema.

Akaandika polepole kwa mwandiko mzuri, akajaza ile nafasi hadi mwisho. Akapiga mstari chini kwa rula. Kisha akaligeuza daftari kwangu, niangalie kama ameandika vizuri. Nilisoma, nikamwambia ameandika vizuri.